Siagi Irudishiwe Jina Lake

Ziko hoja ambazo wenye elimu huona haya kuzigusa kwa sababu zinanuka moshi wa jikoni. Hoja ya mafuta ya kukandia biskuti ni mojawapo. Mtu akisimama mbele ya wasomi akasema kwamba biskuti ya siagi na biskuti ya mafuta ya mgando ni vitu viwili mbalimbali, na kwamba aliyepewa moja akaambiwa ni nyingine amedhulumiwa, wasikilizaji watatabasamu na kumwambia apeleke mashtaka yake kwa wapishi. Mimi siyapeleki huko. Nayaona kuwa mashtaka ya mwalimu wa lugha kabla hayajawa ya mpishi, kwa kuwa dhuluma yenyewe imetendeka kwanza katika neno, kisha ikaingia katika sinia.

Nasema mapema, ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika: katika Milima ya Usambara, ambako maziwa yapo na baridi ipo, biskuti iuzwayo kwa jina la siagi haina udhuru wa kukandwa kwa mafuta ya mgando wala kwa majarini, tena hatutaweza hata kuchagua baina ya vitu hivi mpaka neno siagi limerudi kwa mwenyewe.

Tuvitenge kwanza vitu vyenyewe, maana vimechanganywa mno. Siagi ni mafuta ya maziwa yaliyosukwa mpaka yakajitenga na mtindi wake. Kanuni za kimataifa za vyakula, zilizowekwa mwaka 1971 na kurekebishwa baadaye, zinataka siagi iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Samli ni siagi hiyo hiyo iliyopikwa taratibu hata maji yakaisha na mashapo yakatuama chini. Majarini ni kitu kingine kabisa: ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na mkemia Hippolyte Mège-Mouriès, baada ya Napoleon wa Tatu kutangaza zawadi kwa atakayevumbua badala ya siagi iliyo rahisi kwa askari na kwa mafukara. Mwanzo ilitokana na shahamu ya ng'ombe. Leo hutokana na mafuta ya mimea yaliyochanganywa na maji, yakatiwa rangi ya manjano na harufu ya kuigiza maziwa. Mafuta ya mgando hayana hata adabu hiyo ya kuigiza. Ni mafuta matupu ya mimea, asilimia 100, meupe, yasiyo na maji wala harufu. Njia ya kuyagandisha kwa hewa ya haidrojeni ilisajiliwa na Mjerumani Wilhelm Normann mwaka 1902, mwaka ule ule ambao wenzake waliifungua taasisi yao ya kilimo na elimu ya viumbe pale Amani, katika Usambara ya Mashariki. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuyauza Marekani kwa jina la Crisco, yakitokana na mbegu za pamba. Kwetu Afrika ya Mashariki tumeyajua kwa majina ya Kimbo na Cowboy kutoka Kenya, na siku hizi kwa majina mengine mengi, na asili yake kubwa ni mawese yaletwayo kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Msomaji anaijua Kigoma na michikichi yake, basi nisiongeze neno juu ya ajabu hiyo.

Vitu vinne, basi, na Kiswahili kina majina manne ya kuvitosha. Walakini nenda dukani ukaone.

Mwaka jana niliingia katika duka moja mjini Lushoto, la mzee anayenifahamu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu, karibu." Nikamwomba siagi. Akanishushia kopo la majarini. Nikasema, "Hii si siagi, mzee wangu." Akanitazama kwa huruma kidogo, kama mtu amtazamaye mgeni aliyepotea njia, kisha uso ukamkunjuka. "Aa, mwalimu unataka siagi ya ng'ombe! Hiyo sina. Watu hawaiulizi."

Hawaiulizi! Waiulizeje? Mtu akitamka neno ambalo baba zake walilitamka kwa kukiomba kitu kile, hupewa kitu hiki. Ili akipate cha kwanza hana budi kuongeza maelezo, na wengi hawajui kwamba kuna haja ya maelezo, kwa sababu hawakuambiwa kwamba jina limehamishwa. Mzee yule hakuwa mwongo, wala simlaumu. Alisema kweli tupu juu ya soko lake. Lakini tazama soko hilo limejengwa juu ya nini. Uhaba wa wanaouliza umetokana na upotevu wa neno la kuulizia, kisha uhaba huo unatajwa kuwa ni ushahidi kwamba kitu hakitakiwi.

Wanafunzi wa isimu watanijibu mara moja, na jibu lao nalijua kwa kuwa mimi mwenyewe huwafundisha. Watasema: lugha ni matumizi, maana hupanuka na kusinyaa, mwalimu hana mamlaka ya kulikataza soko. Watanikumbusha kuku. Zamani kuku alikuwa kuku. Walipokuja kuku wa kufugwa vizimbani, yule wa uani akapewa jina la pili, akawa kuku wa kienyeji, na hakuna aliyelia. Watanikumbusha asali pia, ambayo ni ya nyuki na ni ya miwa, na kila moja hutembea na nasaba yake bila ugomvi.

Mifano yote miwili ni mizuri, na yote miwili inanisaidia mimi. Kuku wa kienyeji alipewa jina la pili, lakini mnunuzi anajua kwamba wako kuku wa namna mbili, huuliza, huchagua, na mara nyingi hulipa zaidi. Asali ya nyuki na asali ya miwa zimegawana neno kwa haki, kila moja ikibeba kiongezo chake. Hata siagi ya karanga, jina la majuzi tu, haimdanganyi mtu, maana mgeni ndiye aliyevaa kitambulisho. Katika jambo la siagi mambo yamepinduka. Mgeni amekaa katika nyumba kwa jina tupu, siagi basi, na mwenye nyumba amesimama mlangoni akijieleza: mimi ni siagi ya ng'ombe, mimi ni siagi ya maziwa, mimi ni siagi kweli. Huko si kupanuka kwa maana. Sisemi kwamba kiwanda fulani kilikaa kikapanga hila hiyo. Tumeifanya sisi wasemaji kwa uvivu, na wafanyabiashara hawakuwa na sababu ya kutusahihisha.

Tena sikubali kwamba Kiswahili kwa tabia yake hakijali mipaka ya namna hii. Wazee wa pwani walikuna nazi wakaikamua, wakapata kimiminiko cheupe kifananacho na maziwa kwa rangi na kwa uzito, kinachopikiwa wali kama vile wengine wapikavyo kwa maziwa. Wangeweza kukiita maziwa ya nazi. Hawakukiita hivyo. Walikiita tui, na tui lenyewe wakalipambanua, lile zito la kwanza wakaliita kasimile. Kwa upande wa pili, huko Ulaya imewabidi watu kwenda mahakamani. Mwaka 1987 walitunga sheria ya kuyalinda majina ya maziwa, siagi na jibini, na mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba vitu vya mimea visiuzwe kwa majina hayo hata vikiongezewa maelezo, isipokuwa vile vilivyokwisha kutajwa katika orodha ya kusamehewa. Na katika orodha hiyo yamo maziwa ya nazi. Maana maskini lugha zao hazikuwa na tui! Marekani nako jimbo la Wisconsin lilipiga marufuku majarini ya rangi ya manjano hadi mwaka 1967, na Quebec ya Kanada haikuiruhusu rangi hiyo mpaka mwaka 2008. Nikubali kwamba nyuma ya sheria hizo walikuwako wafugaji wenye maslahi yao, wala sikuja kuzisifu. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba mataifa yenye viwanda vingi kuliko sisi yameona kuwa jina la siagi lina thamani ya kupiganiwa, ilhali sisi tumelitoa bure. India nako, mafuta ya mimea yaliyogandishwa, yaitwayo vanaspati, yalipoenea mahali pa samli, Gandhi hakuona kuwa jambo hilo ni dogo mno kwa kalamu yake. Aliyapinga kwa maandishi katika miaka ya 1940.

Na kama mtu anadhani kwamba watu wadogo hawawezi kuyashika maneno yao mbele ya mkondo mkubwa, asiende mbali. Katika milima hii hii wanaishi Wambugu, watu mashuhuri kwa ufugaji wa ng'ombe, ambao lugha yao ya ndani imewashughulisha wanaisimu wa dunia nzima: sarufi yake imefanana na ya majirani zao Wabantu, lakini sehemu kubwa ya maneno yake wameyatunza kutoka asili ya Kikushi. Walijua la kuacha na la kubakiza.

Sasa niingie jikoni, maana hoja isiyofika jikoni katika jambo hili ni ya kitabuni.

Unga wa ngano ukikutana na maji na kukandwa hufanya nyuzi zinazovutika, ambazo wataalamu huziita gluteni. Mkate unazihitaji, biskuti inaziogopa. Kazi ya mafuta katika biskuti ni kuzivika chembe za unga kabla maji hayajazifikia, ili nyuzi zisirefuke, na biskuti ikitafunwa imumunyuke badala ya kuvutika. Kwa kazi hiyo peke yake mafuta ya mgando ni hodari kuliko siagi. Hayana maji, nayo huyeyuka kwa joto kubwa zaidi. Kwa hiyo tanurini biskuti huwahi kushikamana kabla mafuta hayajakimbia, ikatoka na umbo lake, kingo zake na michoro yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayeoka biskuti za kukatwa kwa kibati cha nyota, au anayezipeleka safari ya siku tatu juani, ana sababu ya kuyatumia, na akizitaja kwa jina lake sina neno naye.

Lakini kumumunyuka si utamu. Siagi ina maji, na maji hayo hugeuka mvuke na kuipa biskuti wepesi. Ina protini na sukari ya maziwa, na hizo zikipata moto hufanya ule wekundu wa kingo na ile harufu inayomtoa mtoto chumbani bila kuitwa. Mabadiliko hayo yanaitwa kwa jina la Mfaransa Louis Camille Maillard, aliyeyaeleza mwaka 1912, ingawa wapishi wetu waliyajua tangu walipojifunza kupika samli na kuonja ukoko wake. Siagi huyeyuka kwa joto lililo chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo huyeyukia ulimini na kutoweka. Mafuta ya mgando huyeyuka juu ya joto hilo, kwa hiyo hubaki. Aliyekula biskuti kisha akahisi kaakaa lake limepakwa nta, anajua ninalolisema bila kuhitaji kipimajoto.

Basi hoja kuu ya mafuta ya mgando ni joto. Mjini Tanga, mwezi wa Februari, siagi ikiachwa mezani hugeuka uji, na mwokaji akiikanda hupata kinyunga kisichoshikika na biskuti zilizotandazika kama chapati. Nakubali. Kutoka Mombo, penye joto la bondeni, hadi Lushoto ni mwendo wa kilometa 33 za kona na mawe, lakini katika mwendo huo mtu hupanda takribani mita 1,000. Mji wa Lushoto u kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Mwezi wa Julai watu hulala kwa mablanketi, na siagi iliyowekwa dirishani usiku huamka ngumu hata kisu huilalamikia. Ubaridi ambao mwokaji wa Tanga hununua kwa umeme, mwokaji wa Lushoto hupewa na Mungu bila hati ya malipo. Akate kinyunga chake, akiweke penye upepo nusu saa, ndipo akitie motoni. Hata kama tanuri lake ni sufuria yenye mchanga na makaa juu ya kifuniko, biskuti zitashika umbo. Kumtaka mtu huyu atumie dawa ya joto asilokuwa nalo ni kumvika koti la mvua jangwani.

Na yule wa pwani, je? Yeye wazee wake walikwisha kumjibu. Unguja, Mombasa na Tanga zimeoka vileja tangu kabla kopo la kwanza la mafuta meupe halijashushwa bandarini: unga wa mchele, sukari, mayai, hiliki, na samli. Samli imekwisha kuondolewa maji. Huvika unga kama mafuta ya mgando, huvumilia kabati la nchi ya joto, na bado ina harufu ya maziwa. Kileja kizuri hakikubali hata kushikwa kwa nguvu, hubomoka vidoleni. Kwa maneno mengine, kile ambacho Normann alikitafuta kwa haidrojeni, mama wa pwani alikuwa nacho katika chupa kabatini. Ninapoona leo mapishi ya vileja yakiandikwa kwa majarini, tena yakaitwa ya asili, najizuia nisiseme zaidi.

Kwa anayetaka kujaribu kwa mikono yake, na wanafunzi wangu wote nawataka wajaribu, kipimo kikongwe cha biskuti za siagi ni unga sehemu tatu, siagi sehemu mbili, sukari sehemu moja. Atakayebadili siagi kwa samli au kwa mafuta ya mgando apunguze kiasi cha moja ya tano, kwa kuwa penye gramu 500 za siagi pana mafuta gramu 400 na kitu. Asipopunguza, atapata biskuti inayotoa jasho. Aoke za namna zote mbili kutoka unga mmoja, afumbe macho, aonje. Ukweli wa jambo hili haukai katika vitabu.

Nafika penye uzito wa neno langu. Watu husema siagi ni anasa, na kwamba mimi mwenye mshahara wa chuo namhubiria mjane muuza biskuti. Bei ni kweli. Siagi ni ghali kuliko mafuta ya mgando, tena kwa mbali. Lakini tuulize kwa nini katika nchi ya ng'ombe. Kilo moja ya siagi hutaka maziwa kiasi cha lita 20 au zaidi kidogo, kwa kadiri ya utajiri wa maziwa hayo. Anayesikia hesabu hiyo hushtuka akadhani lita 20 zimepotea. Hazikupotea, mafuta yametoka, na maziwa yaliyobaki yanafanya mtindi au jibini. Usambara haikukosa lita hizo. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliokuwa wakiuita mji huu Wilhelmstal walianzisha pale Kwai shamba la majaribio ya kilimo na mifugo, kwa kuwa waliona nchi inafaa. Kuanzia miaka ya 1980 mradi wa kuhifadhi udongo wa Lushoto uliwahimiza wakulima wafunge ng'ombe wa maziwa zizini na kupanda majani ya malisho katika mistari ya kuzuia mmomonyoko, ili ukingo mmoja ushike udongo na kulisha ng'ombe. Miaka ya 1990 wafugaji wa Mkoa wa Tanga waliungana katika chama chao kikuu cha ushirika, na maziwa yakapata njia ya kwenda kiwandani Tanga. Irente, kwenye shamba la kanisa la Kilutheri, wageni hupanda kwa miguu kuufuata mkate, jemu na jibini. Ujuzi upo, ng'ombe wapo, baridi ipo.

Lakini maziwa mabichi ni mali isiyongoja. Masika yakija, majani yakajaa na ng'ombe wakatoa kwa wingi, ndipo mvua hizo hizo huifanya njia ya mlimani kuwa matope, na mara nyingine udongo huporomoka barabarani. Mfugaji wa kijiji cha juu akichelewa saa chache amechelewa siku nzima. Siagi ndiyo njia kongwe ya kuyangojesha maziwa: lita 20 zisizobebeka zikawa kilo moja ibebekayo katika jani la mgomba, na samli ikangoja miezi. Huyo mfugaji hakosi mikono ya kusuka. Anachokosa ni mnunuzi aliye umbali wa kilometa tano tu, mwokaji wa biskuti mjini, ambaye asubuhi hiyo hiyo amenunua kopo lililotoka ng'ambo ya bahari, akalipa fedha zikashuka mlimani, akaandika juu ya pakiti zake kwa mkono wake: biskuti za siagi. Mtalii hula na kusifu milima. Hunywa chai iliyochumwa milima hiyo hiyo, na mafuta yaliyomo katika biskuti yake hayajawahi kuuona mlima wowote wa Afrika.

Hapo ndipo neno na mfuko hukutana. Kama mwokaji yule angelazimika kuandika biskuti za mafuta ya mgando, mgeni angeuliza iko wapi ya siagi, na akiuliza wawili watatu, kuna mtu Mlalo au Magamba angeanza kusuka. Mjane ninayeambiwa kwamba namwonea ndiye mara nyingi mwenye ng'ombe mmoja zizini. Sioni anasa yoyote katika kumtaka mjane mwenye ng'ombe auziane na mjane mwenye tanuri.

Wapo watakaonishangaa kwamba sijaitumia silaha ya afya, ambayo siku hizi ndiyo inayonolewa kuliko zote. Sikuitumia kwa makusudi. Ni kweli kwamba kugandisha mafuta nusu nusu huzaa aina ya mafuta yenye kuudhuru moyo, na kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliyataka mataifa yayaondoe kabisa katika vyakula vya viwandani kufikia mwaka 2023. Lakini viwanda vingi vimekwisha kubadili njia, hugandisha kwa kutumia mawese ambayo yana mgando wa asili. Na siagi nayo ina mafuta ambayo madaktari hutaka yaliwe kwa kiasi. Nikijenga hoja yangu juu ya moyo wa mlaji, kesho mkemia atanibomolea. Biskuti si dawa, haijapata kuwa dawa. Mimi nadai tu kwamba mtu ajue anachokula, kisha ale.

Wala sitaki kusikia kwamba siagi ni chakula cha Wazungu na kwamba kuipigania ni kasumba. Kusuka maziwa katika kibuyu hakukuletwa na meli. Neno siagi limo katika kamusi ya Madan ya mwaka 1903 na ya Johnson ya mwaka 1939, na kote huko ni tunda la maziwa. Kilicholetwa na meli ni kopo.

Kwa hiyo nayataka mambo ambayo hayagharimu bajeti ya serikali. Watunga kamusi wetu, katika toleo lijalo, waiandike majarini kwa jina lake kama kidahizo kamili, wala wasiifiche chini ya siagi kama maana ya pili kwa kisingizio cha matumizi; kamusi inayosajili kila kosa bila alama yoyote imeacha kazi yake. Wafasiri wa vitabu vya mapishi waache kuandika siagi kila waonapo kopo la manjano. Walimu wa upishi katika vyuo vya ufundi wawape wanafunzi vitu vyote vinne mezani, wavitaje, wavionje. Na waokaji wa Lushoto, Soni na Bumbuli waendelee kuoka wapendavyo, kwa mafuta wapendayo, ila yule atakayeandika siagi juu ya pakiti yake awe ameinunua kwa mtu mwenye ng'ombe.

Mzee wa dukani nimekwisha kumwagiza. Kila nikipanda Lushoto huingia kwake na kuomba siagi, neno tupu, bila ya ng'ombe, bila ya maziwa, bila maelezo. Safari ya mwisho aliniambia kwamba wako wengine wawili walioanza kuuliza, akataka kujua kama nimewatuma mimi. Sikuwatuma.